HT/FT kwenye mkeka: namna ya kuisoma, na kwa nini matapeli wanaipenda sana 2/1

Kwa watu wa mikeka hii haihitaji utangulizi mrefu. Unaamka Jumamosi, unakuta umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo hukuomba kuingia. Kuna picha ya mkeka wenye tiki za kijani mwanzo mwisho: dau Sh5,000, malipo Sh3.9 milioni. Chini yake mtu anasema ana HT/FT ya leo, ni ya uhakika, VIP ni Sh20,000 na nafasi zimebaki chache.

Kwa dereva wa bodaboda wa Maili Moja pale Kibaha, au muuza mkaa wa Kisarawe, Sh20,000 inaweza kuwa hela ya siku nzima ya kazi. Ndo maana tumeona tuikalie hii HT/FT vizuri: ni nini, inahesabiwaje, kwa nini odi zake zinavutia hivyo, na kwa nini kila anayejiita muuza mechi za uhakika anauza hii na sio nyingine.

Majibu mawili, ubashiri mmoja

HT ni matokeo ya mapumziko. FT ni matokeo ya mwisho wa mchezo. Ukiweka HT/FT unatabiri vyote viwili kwa pamoja, na lazima vyote viwe sahihi. Ukipata kimoja ukakosa kingine, mkeka umechanika. Hakuna nusu malipo.

Alama ni zilezile za kawaida: 1 ni timu iliyoandikwa kwanza (mara nyingi mwenyeji), X ni sare, 2 ni timu iliyoandikwa ya pili. Namba ya kushoto ya mkwaju ni mapumziko, ya kulia ni mwisho. Kwa hiyo X/1 ni sare hadi mapumziko, halafu mwenyeji anashinda. 2/2 ni mgeni anaongoza mapumziko na anashinda mechi.

Mapumziko yana majibu matatu, mwisho una majibu matatu. Tatu mara tatu, tisa. Ubashiri wa kawaida wa 1X2 una milango mitatu tu. Huku kuna tisa, na mmoja tu ndio wenye hela.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Novemba 5, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba mwenyeji, Yanga mgeni. Kennedy Musonda aliifungia Yanga mapema kabisa, Kibu Denis akasawazisha, wakaenda mapumziko 1-1. Kipindi cha pili kila mtu anakijua: mechi iliisha 5-1 kwa Yanga. Kwenye HT/FT hiyo ni X/2. Aliyeweka 2/2 kwa imani kwamba Yanga "itaua", na Yanga ikaua kweli kwa mabao matano, alikosa. Mapumziko yalisomeka sare.

Namba ya kulia sio kipindi cha pili

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela bila kujua wamekosea wapi. FT ni matokeo ya mechi yote tangu dakika ya kwanza. Sio matokeo ya kipindi cha pili peke yake.

Rudi Oktoba 20, 2013, derby ya Simba na Yanga, Uwanja wa Taifa. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0, Mrisho Ngassa akiwa na bao moja na Hamis Kiiza mawili. Kuna watu walitoka uwanjani wakapanda daladala. Kipindi cha pili Simba ikarudisha yote matatu kupitia Betram Mwombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze. Mechi ikaisha 3-3.

Ukitazama kipindi cha pili peke yake, Simba ilishinda 3-0. Lakini HT/FT ya mechi ile ni Yanga mapumziko, sare mwisho. Mtu aliyesoma namba ya kulia kama "nani atashinda kipindi cha pili" angeweka Simba upande wa kulia, angeshangilia hadi filimbi ya mwisho, halafu angefungua simu na kukuta alama nyekundu.

Na kinyume chake pia ni kweli. Timu yako ikiongoza 2-0 mapumziko, halafu ikafungwa bao moja kipindi cha pili ikashinda 2-1, mkeka wako wa 1/1 umetiki ingawa kipindi cha pili ilizidiwa. Kushinda vipindi vyote viwili ni chaguo tofauti kabisa, lina odi zake na sehemu yake kwenye orodha. Usichanganye.

Dakika 90, basi

Kanuni nyingine inayoleta ugomvi kwenye vibanda umiza: HT/FT inaishia kwenye dakika 90 na zile za nyongeza anazoonyesha mwamuzi wa akiba. Nusu saa ya muda wa ziada haimo. Penalti za mwisho hazimo.

Fainali ya Kombe la Dunia, Desemba 18, 2022, Qatar. Argentina iliongoza Ufaransa 2-0 mapumziko. Kylian Mbappé akafunga mawili ndani ya dakika chache, dakika 90 zikaisha 2-2. Baadaye ikawa 3-3, kisha Argentina ikabeba kombe kwa penalti. Dunia nzima inasema Argentina ilishinda. HT/FT inasema Argentina/sare. Aliyeweka 1/1 alimwona Messi akinyanyua kombe huku mkeka wake umechanika.

Fainali ya Istanbul ya Mei 25, 2005 ni hivyo hivyo. Milan 3-0 mapumziko, 3-3 dakika 90, Liverpool bingwa kwa penalti. Kwenye mkeka: Milan/sare. Liverpool haionekani popote.

Kuhusu mechi inayovunjika katikati kwa mvua, fujo au taa kuzimika, kampuni nyingi hufuta ubashiri na kukurudishia dau, au kuhesabu odi ya mechi hiyo kuwa 1.00 kama ilikuwa ndani ya mkeka mrefu. Vigezo vinatofautiana, vimeandikwa kwenye tovuti ya kila kampuni, na hakuna anayevisoma. Soma angalau sehemu hiyo.

Tuje kwenye odi

Hapa tukae kidogo, maana ndio moyo wa jambo lenyewe. Chukua mechi moja ya kutunga, ambayo mwenyeji ana nguvu kidogo kuliko mgeni. Odi za 1X2 ziwe hivi: mwenyeji 1.90, sare 3.40, mgeni 4.10. Kwenye HT/FT mechi hiyohiyo inaweza kusomeka hivi:

1/1 – 2.80
1/X – 15.00
1/2 – 34.00
X/1 – 4.50
X/X – 5.50
X/2 – 9.00
2/1 – 23.00
2/X – 15.00
2/2 – 7.00

Odi sio zawadi. Ni nafasi iliyogeuzwa kuwa bei. Gawanya 100 kwa odi, unapata asilimia ambayo bei hiyo inabeba. Odi 2.80 ni kama asilimia 36. Odi 23 ni kama asilimia 4. Odi 34 haifiki asilimia 3.

Sasa zijumlishe zote. Kama bei zingekuwa za haki, jumla ingekuwa 100, kwa sababu jibu moja lazima litokee. Kwenye zile tatu za 1X2, jumla inafika kama 106. Kwenye zile tisa za HT/FT inafika 122.

Hiyo ziada ndio mshahara wa kampuni. Kwa lugha ya mfukoni: ukitaka kufunika majibu yote matatu ya 1X2 ili lolote likitokea ulipwe Sh100,000, utatumia kama Sh106,000. Ukitaka kufunika yote tisa ya HT/FT ulipwe Sh100,000 hiyohiyo, utatumia kama Sh122,000. Au tuseme hivi: katika kila Sh100 unayoweka, kwa hesabu ya muda mrefu kampuni inabaki na Sh6 kwenye 1X2 na Sh18 kwenye HT/FT.

Ukiunganisha HT/FT mbili kwenye mkeka mmoja, makato nayo yanazidishana. Kila Sh100 inarudi wastani wa Sh67. Tatu, inazidi kushuka. Na kwa kawaida makato hayagawanywi sawasawa: odi kubwa, zile za 20 na 30 zinazokufanya utabasamu, ndizo zinazopunjwa zaidi. Ukibahatika kushinda, kuna kodi ya zuio inayokatwa kabla hela haijaingia kwako, na kiwango chake hubadilishwa na Sheria ya Fedha.

Binafsi, kama mtu lazima aweke hela yake, sioni mantiki ya kukimbilia chaguo lenye makato mara tatu ya lile la jirani. Lakini hiyo ni hela yako.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye orodha ile ni 1/1. Inaonekana kama "timu kali tu ishinde", ila ikilipa 2.80 badala ya 1.90. Kwa odi hizo, mwenyeji anaposhinda mara 100, kama mara 57 tu ndio anakuwa ameongoza tangu mapumziko. Zile 43 zilizobaki anashinda akitokea kwenye sare au akitokea nyuma. Maana yake timu yako inashinda, kijiwe kinashangilia, na wewe unachana.

Sababu ipo uwanjani kwenyewe. Mabao mengi kidogo huingia kipindi cha pili kuliko cha kwanza. Miguu inachoka, makocha wanaingiza watu wapya, aliyefungwa anafunguka na kuacha nafasi nyuma, na dakika za nyongeza za kipindi cha pili huwa nyingi. Waliokuwa wakienda Mabatini pale Mlandizi, enzi Ruvu Shooting ikicheza Ligi Kuu, wanakumbuka: saa kumi jioni na jua lile, beki wa dakika ya 20 sio beki yuleyule wa dakika ya 80.

Zinazogeuka, na kwa nini ni adimu

2/1 na 1/2 ndizo zinaitwa mechi zilizogeuka. Timu inaongoza mapumziko, inapoteza mechi. Ili itokee, aliyekuwa nyuma anahitaji bao la kusawazisha na la kushinda, ndani ya dakika 45 na ushee, na yule wa mbele asiongeze kitu cha kuharibu hesabu.

Watanzania tunayo moja ya kuumiza. Juni 27, 2019, Cairo, AFCON, Kenya dhidi ya Tanzania. Simon Msuva alitupa uongozi, Michael Olunga akasawazisha, Mbwana Samatta akarudisha uongozi muda mfupi baadaye. Mapumziko: Tanzania 2-1. Kipindi cha pili Kenya ikafunga mawili, Olunga akimalizia, 3-2. Kenya ndio iliandikwa kwanza, kwa hiyo ile ni 2/1 kamili.

Inauma, inakumbukwa, na ndio shida yake. Tunazikumbuka zilizogeuka kwa sababu ni chache. Mara nyingi anayekimbiza anaishia kwenye sare. Januari 2024 huko Ivory Coast, Msuva tena alifunga mapema dhidi ya Zambia, tukaongoza hadi mapumziko, Patson Daka akasawazisha dakika za mwishoni: 1-1. Mei 25, 2025, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho, Simba iliongoza RS Berkane 1-0 kwa bao la Joshua Mutale hadi mapumziko pale New Amaan, ikasawazishwa dakika za nyongeza. Hizo zote zinaangukia kwenye "aliyeongoza/sare".

Ukiondoa makato ya kampuni kwenye odi zetu za mfano, 2/1 inatokea kama mara moja katika mechi 28. 1/2, mara moja katika mechi 41 au 42. Ziweke zote mbili kwenye mkeka mmoja, kila moja na mechi yake, odi inakuwa 782. Sh5,000 inakupa Sh3,910,000. Ndio ule mkeka wa kwenye picha. Nafasi ya kutiki ni kama mara moja katika mikeka 1,160.

Sasa, tapeli anaingilia hapo

Mtu anayetaka kukuuzia "mechi ya uhakika" hawezi kukuuzia Manchester City ishinde nyumbani kwa odi 1.25. Utamwambia hata wewe unaijua. Anahitaji kitu kisichotabirika, chenye odi kubwa, ambacho kikitokea kinaonekana kama lazima kuna mtu alikuwa na siri. 2/1 na 1/2 zimekaa mkao huo.

Njia zake hazihitaji akili nyingi.

Ya kwanza ni kusubiri mechi ziishe. Tuseme Jumamosi moja kampuni imeweka mechi 300 kutoka duniani kote. Kwa viwango vya mfano wetu, kama 18 zitakuwa zimegeuka. Tapeli anachagua mbili, anatengeneza picha ya mkeka, anabandika. Maandishi ya ukurasa wowote wa tovuti yanaweza kubadilishwa kwenye kompyuta kwa dakika moja, kisha ukapigwa picha ya skrini. Picha ya mkeka sio ushahidi wa mkeka.

Ya pili ni chaneli ya Telegram. Anaposti tabiri nyingi, mechi zikiisha anafuta zilizokosa na kuacha zilizopatia. Au anahariri ile ya asubuhi. Telegram huweka alama pembeni ya saa kuonyesha ujumbe umehaririwa, ila nani anaangalia? Wewe angalia. Na ukiona chaneli haina hata kosa moja kwa miezi mitatu, usijiulize anajuaje. Jiulize zilizokosa zimekwenda wapi.

Ya tatu ndio inawapata hata watu makini. Ana namba za simu 900. Anazigawa makundi tisa ya watu 100, kila kundi analitumia jibu lake la mechi moja, bure kabisa, kama zawadi. Mechi ikiisha, watu 100 wameona "amepatia". Anawagawa hao tena tisa, anawatumia mechi ya pili. Wamebaki 11 walioona akipatia HT/FT mbili mfululizo bila kuwatoza hata shilingi. Hao 11 wiki ya tatu watauza mbuzi. Wale 889 aliowakosea hawajuani, na hawana cha kulalamika kwa sababu hawakulipa.

Kuna wanaosema wamepata dawa: "Mimi simlipi mpaka nishinde." Inaonekana salama. Lakini ukielewa yale makundi tisa utaona kwamba hata hapo anaingiza hela. Wanane wanapoteza dau zao kwa kampuni, wa tisa anashinda na kumpa fungu lake kwa shukrani. Tapeli hakuweka hata mia. Hela zilizohatarishwa ni zenu.

Halafu lile swali la kawaida, ambalo bado halijapata jibu. Kama anajua kweli 2/1 ya leo kwa odi 23, Sh20,000 yake ingekuwa Sh460,000 jioni. Sh10,000 ikizungushwa wiki tatu kwa odi hiyo inafika Sh121,670,000. Ni kweli kampuni zina kikomo cha malipo, lakini hata robo yake mtu asingeshinda kutwa akibembeleza watu wa Kisarawe Sh20,000 kwenye WhatsApp.

Mechi za kupanga hazipo?

Zipo, na tusidanganyane. Mwaka 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0, timu mbili zikigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu. TFF ilizishusha timu zote nne. Jirani zetu Kenya, Februari 2020, FIFA ilitangaza kuwafungia wachezaji wanne waliohusishwa na upangaji wa mechi za Kakamega Homeboyz, mmoja akifungiwa maisha.

Lakini zitazame kesi hizo vizuri. Ile ya 2016 ilikuwa ya kupanda daraja. Na wanaopanga kwa ajili ya kubeti wanataka watu wachache wajue, kwa sababu kampuni zikiona hela nyingi zinaingia ghafla kwenye jibu moja la mechi isiyo na jina, odi zinashuka au mechi inaondolewa kabisa. Siri iliyouzwa kwa watu elfu moja kwenye Telegram haina thamani tena kwa mwenye siri.

Kuna upande wa pili ambao haupendezi kuusikia. Anayenunua mechi akiamini imepangwa anajua ananunua kitu haramu. Akitapeliwa anaona aibu kwenda polisi. Tapeli anaijua aibu hiyo, na ni sehemu ya biashara yake.

Kampuni yenyewe nayo iangalie

Kubeti kwenyewe ni halali Tanzania kwa aliyetimiza miaka 18, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na anayetoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kama tovuti umetumiwa kiungo chake na mtu wa kundi la VIP, na jina lake huliskii popote pengine, hakiki kwanza na Bodi kama ina leseni. Kuna mtindo wa kukupa tovuti ambayo salio lako linapanda vizuri kila siku, na siku ya kutoa unaambiwa ulipe kwanza "kodi". Kodi halali inakatwa kwenye ushindi wenyewe. Hakuna mahali unaitanguliza kwa namba ya simu ya mtu.

Leseni ni ya kampuni. Yule wa WhatsApp hana leseni ya kuuza matokeo, kwa sababu hakuna leseni ya namna hiyo.

Kama hela imeshaenda

Usimtumie ujumbe kumwambia umemgundua. Ataitoa hela hapohapo. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, omba muamala uzuiwe, taja namba ya muamala na muda. Hela ikiwa bado ipo kwenye akaunti yake kuna uwezekano wa kuishika. Ikishatolewa kwa wakala, mtandao hauna cha kukushikia.

Namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu nchini. Hifadhi picha za mazungumzo kabla hujatoka kwenye kundi, kwa sababu akikuondoa na kufuta ujumbe wake utabaki huna kitu mkononi. Kisha nenda kituo cha polisi. Kujipatia hela kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na huhitaji kueleza kwamba wewe ni mtaalamu wa mikeka. Eleza nani alikuahidi nini, lini, na hela ilikwenda namba gani.

Na kabla hujatoka kituoni, angalia tena jina lililotokea ulipotuma ile Sh20,000. Mara nyingi sio jina la yule mtu wa kwenye picha ya kundi. Jina hilo la muamala ndilo polisi watakaloanza nalo, kwa hiyo liandike vizuri.